Msimu wa Maneno ya Wengine

Jumapili, 3 Machi 1996

Nimeanza vibaya. Baada ya ibada Pasta Irungu aliniita ofisini, yaani kile chumba cha mabati ambamo pia huwekwa ngoma na viti vibovu, akaniambia kwamba wazee wamepokea ombi langu la kuwa mwinjilisti, na kwamba msimu wangu wa kujichunguza unaanza leo hadi Pentekoste. Nikamshukuru. Nikamwambia nimekwisha kuandaa mafundisho juu ya Waraka kwa Warumi na ningependa kuyaanza Jumapili ijayo.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Mpaka Pentekoste hutahubiri, hutafundisha, hutaomba mbele ya watu. Utatafsiri tu. Utasema maneno ya watu wengine."

Yafaa nieleze, ingawa sijui namweleza nani. Kanisa letu hapa mtaa wa Tena, Nairobi, lina desturi yake. Anayetaka kuhubiri hunyamazishwa kwanza kwa msimu mmoja, akapewa kazi moja ndogo, na akaambiwa aandike anayoyaona ndani yake. Siku ya mwisho washirika huulizwa kama kuna mwenye neno juu yake. Mtu wa mwaka juzi alipewa kufagia. Wa mwaka jana alipanga viti. Mimi nimepewa ukalimani, kazi niliyoifanya hapa tangu kabla Pasta hajaota ndevu. Mgeni akija na Kiingereza chake, ni mimi. Mama akitoa ushuhuda kwa Kikamba, ni mimi. Wakamba wengi wa hapa husali mtaa wa pili, Umoja, kwa hiyo kwetu tuko wachache, na mwenye kusimama mbele ni mimi tu. Sasa ni mtihani gani huo? Ni kama kumpima fundi wa magari kwa kumwambia afungue mlango wa gari.

Pasta ni kijana wa miaka thelathini na mmoja. Mimi nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu. Lakini nimesema sawa. Nimezoea kuvumilia wanafunzi.

Alhamisi, 7 Machi

Ushirika wa nyumbani ulikuwa kwa Phelister. Huyu ni mke wa Mwanzia, dereva wa malori ya Kampala, ambaye huonekana siku moja na kupotea wiki mbili. Januari Mwanzia alimleta mama yake, Kasiva, kutoka Mwingi huko Ukambani, kwa sababu ana mtoto wa jicho na anatakiwa kupasuliwa. Phelister anatoka Siaya na hajui Kikamba. Mama hajui Kiswahili zaidi ya "habari" na "asante". Wawili hao hukaa siku nzima katika vyumba viwili wakioneshana vitu kwa vidole.

Wakati wa mahitaji ya maombi, Kasiva alisema kwa Kikamba tumwombee arudi kwake, kwa kuwa mke mwenzake, Kamene, anaumwa mgongo na hana wa kumchotea maji. Mwenye kumwelewa pale nilikuwa mimi tu. Nikatafsiri kwamba mama anamshukuru Mungu kwa kufika salama, anawakumbuka wa nyumbani, hasa mwenzake Kamene, na anaomba tumwombee utulivu wa moyo. Ni maneno yale yale, yamepangwa tu. Mtu mgeni mjini husema kwa uchungu wa siku za kwanza, na mkalimani mwenye busara huangalia mbele. Macho yake lazima yatibiwe. Phelister alifurahi, na watu wakaomba kwa nguvu.

Ijumaa, 8 Machi

Kila Ijumaa natakiwa kwenda kwa Pasta. Aliniuliza, "Wiki hii umesikia nini?" Nikamweleza mahudhurio ya ushirika, upungufu wa vitabu vya nyimbo, na sauti za akina mama ambazo hupanda mno ubeti wa tatu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, "Umesikia nini?" Nadhani hana swali jingine.

Jumapili, 17 Machi

Mvua imeanza kwa fujo. Alikuja mhubiri mgeni, nikamtafsiria. Mlangoni Mzee Wekulo, mwekahazina wetu, mtu ambaye ulimi wake haujui Sabato, akanishika mkono mbele ya watu.

"Mwalimu, yule mgeni alisema sentensi moja, wewe ukashusha sura nzima. Tulidhani amepewa nafasi ya kulala kidogo."

Watu walicheka. Nikaanza kumweleza kwamba neno kama "neema" haliwezi kuachwa likasimama peke yake bila historia yake. Nilipofika kwa manabii alikuwa amekwisha kwenda kunywa chai.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua usiku kucha. Bomba kavu. Nani ataniambia mantiki ya jambo hili?

Alhamisi, 21 Machi

Leo Kasiva aliongea kwa ukali. Alisema tumeomba na tumeomba, mbona bado yuko hapa? Au Mungu wa Nairobi ni kiziwi? Nikatafsiri kwamba mama anatuomba tusichoke kumwombea. Kila mtu akasema amina.

Halafu Phelister akanivuta jikoni. Ana mimba kubwa, na bado kila asubuhi huenda kushona nguo Kariobangi. "Mwalimu, nisaidie kumwambia mathe wa Mwanzia," akasema. "Si kwa ubaya. Nimechoka. Anamwaga omena yangu, dagaa wa kwetu. Lugha yake siielewi, lakini akikunja pua naielewa. Kama angekuwa anataka kurudi kwake, hata kesho ningempeleka mimi mwenyewe. Lakini wewe umetuambia anatafuta utulivu akae, sasa nitamfukuza mama wa mtu? Mwanzia atasema nini?"

Nikaenda kuketi karibu na Kasiva, nikamwambia kwamba mke wa mwanawe anamsalimu sana na anaomba amvumilie, kwa kuwa kazi ni nyingi.

"Anavumiliwa," akajibu Kasiva.

Nikamrudishia Phelister kwamba mama amempokea vizuri. Najua atakayesoma haya ataona kwamba wanawake hawa wawili wanataka jambo moja. Hata mimi naliona. Lakini jambo hilo si jema. Kule Mwingi hakuna daktari wa macho, hakuna maji karibu, na mwanawe amejinyima ili amtibu. Ningewapa maneno yao mabichi, kungekuwa na vita leo na majuto kesho. Nilirudi nyumbani nimeridhika kama mtu aliyezima moto.

Alhamisi, 28 Machi

Barabara imekuwa tope tupu. Ushirika haukuwepo. Afadhali.

Ijumaa, 29 Machi

"Umesikia nini?"

"Pasta, nimesikia mvua."

Akasema hilo analiamini. Sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Mahubiri ya ufufuo yalikuwa na makosa matatu ya wazi, moja la jiografia. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote. Nilinyamaza.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika leo kwa hasira, na sijui hasira hii nimwelekeze nani.

Mke wangu, Kavutha, huwa haji ushirika wa Alhamisi kwa sababu ana mazoezi ya kwaya. Leo mazoezi hayakuwepo, akaja. Kasiva alisema haja yake kama kawaida. Nami nikatafsiri kama kawaida. Kavutha aliomba pamoja nasi, akanywa chai, akaaga. Tulipotoka tukawa tunaruka madimbwi kuelekea kwetu, naye kanyamaza. Mtu aliyeishi na Kavutha anaujua ukimya huo.

"Baba Syombua," akasema hatimaye, "yule mama amesema nini?"

Nikamwambia amesikia mwenyewe.

"Nimesikia. Amesema anataka kwenda kwake. Amesema amerudia jambo hilo mpaka anaona haya. Halafu wewe ukasimama ukasema anawashukuru."

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba mkalimani habebi maneno, hubeba maana. Nikampa mifano, kuanzia Mtume alipohubiri Mlima wa Areopago. Alinisikiliza, sketi ameishika juu isiguse tope.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Maana yake ilikuwa nini?"

"Kwamba hajazoea mji."

"Hiyo ni maana yako."

Nikamuuliza kwa nini basi Kasiva asimwambie mwanawe, ambaye ni Mkamba kama sisi na hahitaji mkalimani. Hapo Kavutha akasimama katikati ya njia, akanitazama kana kwamba nimeuliza jua hutokea wapi.

"Wewe umekuwa mwalimu mpaka umesahau kwenu? Mama aliyechukuliwa na mwanawe akawekwa nyumbani mwake atamwambia vipi usoni kwamba haitaki nyumba hiyo? Si atakuwa amemkataa yeye? Neno kama hilo husemwa masikioni mwa watu. Watu ndio humfikishia mtoto, mama akiwa ameketi pembeni kama hajui. Yule mama ameufanya ushirika kuwa watu wake. Na mlango wa ushirika ni wewe. Umeufunga, na kila Alhamisi anakuja kubisha."

Nikasema, labda kwa sauti kubwa, kwamba nilikuwa nalinda macho ya mama huyo.

"Ungemwambia hivyo, basi. Ungesema, mama, mimi naona ubaki. Angekujibu. Lakini hukusema lako. Umelisema lako kwa mdomo wake." Kisha akaanza tena kutembea. "Hata mimi. Nikikuambia nimechoka, unanieleza kwamba maana yake ni njaa."

Nilimwomba aende yeye kwa Phelister, wanawake kwa wanawake. Akakataa. "Wewe ndiye uliyepinda. Nyoosha."

Ijumaa, 12 Aprili

Sikwenda kwa Pasta. Nimetuma neno kwamba nina homa. Si kweli.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda kunyoosha. Bahati mbaya Mwanzia alikuwa amefika kutoka safari, ameketi na mama yake, amemletea shuka jipya. Nilianza kwa kueleza ugumu wa kutafsiri kwa jumla. Nikagusia ukame wa Ukambani, halafu nafasi ya wazee katika jamii inayobadilika. Chai ikaja. Nikaongea zaidi. Mwanzia alinishukuru kwa mawaidha, akasema upasuaji umepangwa mwezi wa Mei. Phelister alikuwa anasinzia. Kasiva alikaa kimya kabisa, kwa sababu mwanawe yupo. Nikaaga.

Kavutha akauliza kama nimewaambia. Nikajibu kwamba nimeanza.

"Umeanza," akasema, akaendelea kuchambua mboga ya sukuma wiki.

Alhamisi, 18 Aprili

Zamu ya Kasiva ilipofika alisema kwa Kikamba, "Waambie sina neno." Nikatafsiri, "Sina neno." Wekulo akageuka kwenye kiti chake. "Mfupi hivyo? Leo Mwalimu ameokoka."

Watu wote walicheka. Mimi na Kavutha, aliyeacha mazoezi ya kwaya akaja, hatukucheka.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemwambia Pasta yote. Nilitegemea angesoma andiko, au angenikemea, au angeniombea. Yeye alikuwa anafunga kamba ya ngoma iliyolegea, na hakuiacha. Alisema tu kwamba yeye si mtu wa kuambiwa habari hiyo. Wa kuambiwa ni Phelister.

Nikamweleza kwamba jambo hili likifumuka sasa, wiki chache kabla ya kuulizwa habari zangu, kanisa litavurugika, na pengine litaumiza huduma ambayo bado haijaanza. Akasikiliza.

"Mwalimu," akasema, "hayo ni maneno ya nani?"

Inachosha kufundishwa na mtu ambaye hufundisha kwa maswali tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifundisha hivyo, na sasa nawahurumia wanafunzi wangu.

Jumapili, 28 Aprili

Nimeamua. Nitaliweka wazi mara tu baada ya Pentekoste. Mama atakuwa amekwisha kupasuliwa, ataona vizuri, na huenda atashukuru.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Paa linavuja juu ya vitabu.

Jumatano, 8 Mei

Upasuaji umeahirishwa mpaka Juni. Mwanzia yuko Kampala, lori limeharibika. Nimesoma tena nilichoandika tarehe ishirini na nane, nikaona aibu. Lakini aibu si kitendo. Niliketi nayo tu.

Jumatatu, 13 Mei

Leo kumetokea lile nililoliogopa bila kulitaja. Mwanamke mmoja aliyetoka Mwingi kuja kuuza mabuyu alipita kwetu kumsalimu Kavutha. Akasema Kamene alianguka akitoka kuteka maji, na haamki kitandani. Majirani humlisha. Kamene humwuliza kila anayeingia kama ni Kasiva.

Kavutha alivaa viatu akaenda naye moja kwa moja kwa Kasiva. Hakuniambia niende, wala hakuniambia nisiende. Nikabaki.

Aliporudi nikamuuliza mama amelipokeaje. Akasema, "Nenda ukamsikilize. Si una kazi hiyo?"

Jumanne, 14 Mei

Nilikwenda. Phelister alikuwa Kariobangi. Kasiva aliketi mlangoni pa chumba, mfuko wake umefungwa kamba miguuni pake. Alinitambua kwa sauti. Nilianza kusema jinsi ninavyosikitika, na nilikuwa karibu kufika kwenye sababu, akainua mkono.

"Mwanangu, usiniletee maneno mengine. Kavutha amenieleza ulivyokuwa ukifanya. Mimi nilidhani watu wa hapa wana roho ngumu, kumbe hawakusikia. Jumapili ile ya kuuliza habari zako nitakwenda kanisani."

Nikamwambia nitamweleza Phelister leo hii, jioni. Akanijibu kwamba sasa hataki ujumbe wake ufike ukiwa umetoka kinywani mwangu, tukiwa watu wawili jikoni. Anataka watu wote wausikie, kama alivyotaka tangu mwanzo. Na kwamba Kamene hana siku nyingi, lakini yeye hatatoka katika nyumba ya mwanawe kama mwizi.

Nikaondoka. Ningeweza kumwambia Phelister hata hivyo. Lakini huo ungekuwa uamuzi wangu mwingine juu ya neno lake. Au ilikuwa woga. Nimechunguza jambo hili pande zote na siwezi kutenganisha.

Alhamisi, 23 Mei

Hakuna ushirika, watu wanasafisha kanisa kwa ajili ya Pentekoste. Nimesugua madirisha. Wekulo amenitania kwamba vioo vimeng'aa kwa sababu sijavieleza chochote.

Jumapili, 26 Mei. Pentekoste

Mvua ilipumzika. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Baada ya mahubiri Pasta Irungu aliniita mbele, akaeleza msimu wangu, akauliza kama kuna mwenye neno juu ya Mwalimu Musau kabla hajawekewa mikono.

Kasiva akasimama. Phelister alimtegemeza kiwiko, akidhani mama anataka kunishukuru. Kasiva akasema sentensi ya kwanza kwa Kikamba, kisha akangoja, kama wanavyongoja wote waliozoea kutafsiriwa. Kanisa zima likanigeukia. Pasta alimtazama Kavutha kwenye kwaya. Kavutha akainamisha macho kwenye kitabu cha nyimbo. Pasta akanitazama mimi.

"Mimi ni Kasiva, mama wa Mwanzia," nikasema.

Akasema ya pili. Ilikuwa fupi. Nilikuwa na maneno mazuri tayari mdomoni: mama anashauri tusiharakishe, mama anaona kwamba bado. Yalikuja yenyewe, kama yanavyokuja siku zote. Niliyaona ni mazuri hata wakati huo.

"Mtu huyu asihubiri," nikasema.

Kasiva akaendelea, nami nikaendelea nyuma yake. "Nilimpa maneno yangu awafikishie, akayaacha njiani akawaletea ya kwake. Kila Alhamisi nimesema nataka kurudi kwangu. Mmeniombea nikae. Mke mwenzangu ameanguka, haamki, ananiita. Tuliolewa na mtu mmoja, akafa, tukabaki wawili, tukalea watoto bila kuuliza huyu ni wa nani. Sikukataa nyumba ya mwanangu. Mwanangu ni mtu mzuri. Lakini mtu wangu yuko kule. Kama hamwezi kunipeleka, semeni, nijue."

Nilikuwa nimesema "mtu huyu" na "mimi" kwa mdomo mmoja, na watoto wa mbele walikuwa wakinitazama wakitafuta ni nani anayeshtakiwa. Kisha wakaelewa. Mzee Wekulo alivua miwani akaifuta.

Phelister alikuwa bado ameshika kiwiko cha mama. "Mwalimu," akasema, "mwambie hivi. Mwambie mimi nilidhani ananipenda sana ndiyo maana hataki kwenda. Nimekuwa nikiomba Mungu nguvu za kumvumilia."

Nikalitia katika Kikamba lote, pamoja na lile la kumvumilia.

Kasiva akamgeukia, akamtafuta uso kwa macho yake yenye ukungu. Nikatafsiri: "Hata mimi nimekuwa nikiomba hizo hizo. Mungu amesumbuliwa bure."

Kanisa likacheka kicheko kilichotoka mpaka madirishani. Phelister alicheka huku anajifuta machozi kwa leso ya kichwani, akasema watasafiri Jumanne, hata akiwa na tumbo lake hilo, na kwamba Mwanzia ataambiwa na yeye, si na mama. Nikapeleka. Kasiva akauliza macho yake je. Nikaleta. Phelister akasema Juni atakwenda kumchukua kwa siku ya daktari tu, halafu atamrudisha, akitaka. Nikapeleka. Wakaendelea hivyo, mmoja upande huu, mwingine upande ule, mpaka koo likanikauka, na hakuna aliyenishukuru wala aliyepaswa kunishukuru. Akina mama wakaanza kuuliza nani ana shuka zito la mgonjwa, nani anawajua watu wa basi la Mwingi. Pasta akaona ibada imekwisha yenyewe, akatoa baraka.

Jambo langu halikurudiwa. Nilibaki nimesimama mbele peke yangu, mahali pa kuwekewa mikono, mpaka vijana wakaja kuondoa viti.

Jumatatu, 27 Mei

Pasta alikuja nyumbani. Alisema wazee hawakunipitisha wala hawakunikataa, na kwamba nikitaka naweza kuanza tena msimu ujao. Nikamuuliza maana ya uamuzi huo. Akasema maana yake ndiyo hiyo aliyoisema. Akanywa chai akaenda.

Nilikasirika mpaka saa ya chakula. Kavutha akasema amechoka. Nikamuuliza amechoka na nini. Akaniambia. Ilichukua muda, na mengine yalinihusu.

Jumanne, 28 Mei

Niliwabebea mizigo hadi kituo cha mabasi cha Machakos, hapa hapa Nairobi. Kasiva aliketi dirishani, Phelister kando yake. Kabla gari halijawashwa mama aliniita nisogee, akasema nimwambie Phelister kitu. Nikamwambia: "Anasema ukisinzia umlalie begani, lakini usikorome kama unavyokoroma nyumbani. Anasema unakoroma kama mwanamume."

Phelister akafungua mdomo kwa mshangao. "Mwambie yeye ndiye anayekoroma. Mwambie majirani hugonga ukuta."

Nikamwambia. Kasiva akajibu papo hapo, Phelister akamjibu kabla sijafungua mdomo, na basi likaanza kurudi nyuma. Lilipopinda kutoka getini walikuwa bado wanagombana, kila mmoja kwa lugha yake, wote wawili kwa pamoja, na shuka la Kamene limekunjwa magotini mwao.

Nyumbani Kavutha aliniuliza mama amesema nini walipoagana. Nikamwambia alivyosema.